Ndoo zinazolala kisimani: ubunifu wa lugha na kazi yake katika uandishi

Mwezi uliopita tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja, msikilizaji wa kipindi chetu cha jioni. Aliandika hivi:

"Wanangu hamjambo. Hapa kwetu ndoo ndizo zinazolala kisimani, sisi tunakwenda kuziamsha. Yangu niliipeleka jana saa kumi jioni, nimeipata na maji leo saa tatu asubuhi. Mtoto kaenda shule uso haujaona maji."

Sisi tukafanya tulichozoea kufanya. Tukausafisha ujumbe ule ufanane na habari. Hewani tukasoma: "Wananchi wa kijiji hicho wanakabiliwa na changamoto ya upatikanaji wa huduma ya maji safi na salama, na wameiomba serikali kuwatatulia kero hiyo." Tukaweka wimbo. Hakuna aliyepiga simu.

Baada ya nusu saa mama akaandika tena: "Wanangu, huyo mliyemsoma si mimi. Mimi sina changamoto, nina ndoo."

Tuliangaliana studio, tukacheka, kisha tukaona aibu. Kesho yake tukausoma ujumbe wake kama alivyouandika, neno kwa neno. Wimbo haujaisha simu zikaanza kulia. Walipiga kutoka vijiji vinne. Baba mmoja alisema kwao ndoo zina majina ubavuni kama madaftari ya shule, ili zisichukuliwe usiku. Na mhusika mmoja wa maji akapiga kuuliza ni kisima kipi hasa. Kisima hichohicho tulikuwa tumekitaja hewani mara tatu mwaka huu, kwa lugha yetu safi, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Ndiyo maana tumeandika makala haya. Wengi mnatutumia ujumbe, barua na hata mashairi. Tungependa kueleza kwa nini maandishi mengine hugusa na mengine hupita kama upepo.

UBUNIFU WA LUGHA NI NINI?

Watu wengi wakisikia maneno "ubunifu wa lugha" hudhani ni mambo ya washairi na walimu wa Kiswahili, au ni kutumia misamiati mizito ambayo jirani haijui. Sivyo. Ubunifu wa lugha ni kulipa neno kazi ambayo halijazoea kuifanya, ili anayesikia aone jambo alilokuwa halioni.

Itazame sentensi ya yule mama. Ndoo, kulala, kisima, kuamsha. Mtoto wa darasa la kwanza anayajua maneno yote hayo. Lakini kulala ni kazi ya watu, naye akaikabidhi ndoo. Hapohapo tukaelewa mambo matatu ambayo hakuyataja: kwamba foleni inakesha, kwamba ndoo inashika nafasi ya mwenyewe, na kwamba watu wamekwisha kuzoea hali hiyo hadi wanaifanyia utani. Walimu huita mbinu hiyo tashihisi, yaani kukipa kitu tabia za mtu. Yeye hakuhitaji jina hilo ili aitumie.

Aliipata wapi? Huenda ni palepale tulipoipata sote. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Jibu: yai. Mtoto aliyefumbua kitendawili hicho amekwisha kujifunza kwamba yai linaweza kuwa nyumba. Amejifunza kutazama kitu kimoja na kuona viwili. Methali, vitendawili, utani wa makabila, nyimbo za jando na unyago, na maneno ya kanga ni shule za ubunifu wa lugha ambazo vijijini zimekuwapo siku zote. Shida huanza tunaposhika kalamu. Mdomo unasema kwa uhai, mkono unaandika kama umevaa suti ya kuazima.

MANENO HUZALIWA BARABARANI NA SHAMBANI

Kiswahili kina chombo cha kukilinda na kukisanifisha. Kwa Tanzania ni Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoanzishwa mwaka 1967. Lakini maneno mengi hayasubiri kikao. Huzaliwa pale watu wanapohitaji jina.

Chukua bodaboda. Neno hili linatoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Waendesha baiskeli walibeba abiria kutoka kituo cha mpaka upande mmoja hadi upande wa pili, wakinadi safari yao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka mara mbili, kwa lafudhi ya kwao. Baiskeli zikapisha pikipiki, neno likabaki. Leo bodaboda wa kijijini kwako huenda hajawahi kuuona mpaka wowote.

Daladala nayo ina simulizi yake. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala. Mabasi madogo ya watu binafsi yalipoanza kubeba abiria Dar es Salaam, makondakta walinadi nauli hiyo kwa sauti, dala, dala. Nauli ikapanda mara nyingi tangu hapo, jina halikushuka.

Machinga ni jina ambalo wengi hulihusisha na vijana waliotoka Machinga, mkoani Lindi, wakaenda mjini kutembeza bidhaa mkononi. Jina la mahali likawa jina la kazi, na sasa hata Mchaga au Mhaya anayetembeza soksi Kariakoo ni mmachinga.

Neno lingine ni kung'atuka. Linatoka Kizanaki, lugha ya nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere, mkoani Mara. Mwaka 1985 alipoacha urais kwa hiari yake, hakusema amejiuzulu wala amestaafu tu. Alichukua neno la kwao linalobeba heshima ya mkubwa anayewapisha wengine, akalipa kazi ya siasa. Taifa zima likajifunza neno la kabila dogo. Kwa hiyo anayekwambia lugha ya mama yako ni uchafu katika Kiswahili, mkumbushe neno hilo.

Tazama pia chakachua. Kuelekea mwaka 2010 lilisikika zaidi kwa mafuta ya magari yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Watu wakaligeuza. Punde zikachakachuliwa kura, vyeti, mbolea na hata mapenzi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa: aliyewahi kununua dizeli mbovu alijua mara moja kura iliyochakachuliwa ni kura ya namna gani.

Ukiyaangalia maneno haya utaona njia zilezile zikirudi. Watu hukopa neno la kigeni na kulilainisha. Huchukua jina la mahali. Huinua neno la lugha ya nyumbani. Au hulihamisha neno kutoka shamba moja la maisha kwenda lingine. Hii ya mwisho ndiyo aliyoifanya mama wa ndoo.

WAANDISHI WAKUBWA WALIFANYA VIVYO HIVYO

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, kilichapishwa kitabu chake kiitwacho Kusadikika. Angeandika waziwazi kwamba watawala hawasikilizi watu, huenda kitabu kisingetoka. Akabuni nchi iliyo angani. Akaipa jina kutokana na kitenzi cha kawaida, kusadiki. Waziri anayeshitaki akamwita Majivuno. Anayeshitakiwa kwa sababu ya kutaka watu wajifunze sheria akamwita Karama. Msomaji akishasikia majina mawili hayo, anajua nani ana nini moyoni kabla kesi haijaanza. Jina moja limefanya kazi ya ukurasa mzima, na kitabu kikapita salama mbele ya macho ya mkoloni.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Moja tunaijua kama Juliasi Kaizari. Ya pili, iliyotoka mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linataja mfanyabiashara mmoja tu wa mji huo. Angeweza kusema mfanyabiashara, au tajiri. Alichagua bepari, neno lililotoka India na ambalo asili yake ni mchuuzi tu, lakini ambalo wakati ule, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikwisha kubeba maana ya mnyonyaji. Tena akaliweka katika wingi. Kwa neno hilo moja hadithi ya Ulaya ya zaidi ya miaka 300 ikawa inazungumza na mkulima wa Tanzania kuhusu mambo ya siku ile.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa diwani yake ya kwanza mwaka 1974. Aliiita Kichomi. Kila mtu wa kijijini anakijua kichomi: ule uchungu wa ubavuni unaokukata pumzi. Jina hilo tu lilitangaza kwamba mashairi yake hayakuja kubembeleza. Na kweli yalizua ugomvi, kwa sababu hakufuata vina na mizani. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1954, Amri Abedi alikuwa ameandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na wengi waliamini kwamba pasipo vina hapana shairi. Wengine wakasema lugha ya kila siku nayo ina mapigo yake. Mjadala ule haujaisha hadi leo, na si kazi yetu kuumaliza. Sisi tunasema hivi: mwenye vina na asiye na vina wote wanahukumiwa kwa jambo moja, kama neno lao limetufanya tuone.

MANENO YALIYOCHOKA

Neno huchoka kama jembe. Ukilitumia kwa kila kazi, linakuwa butu.

Mfano mzuri ni changamoto. Zamani lilikuwa neno zuri lenye maana ya jambo linalokuchochea utumie nguvu zako. Sasa njaa ni changamoto, daraja lililobomoka ni changamoto, kukosa dawa zahanati ni changamoto, na mwizi wa kuku ni changamoto. Neno linalotaja kila kitu halitaji kitu. Na lina hatari zaidi: linapoza. Ukisema daraja limebomoka, msikilizaji atauliza lilibomoka lini, na watoto wanavukaje. Ukisema kuna changamoto ya miundombinu, ataitikia kwa kichwa na kuendelea na chai yake.

Tulipiga hesabu ndogo ofisini. Ujumbe mfupi mmoja wa simu hubeba herufi 160. Maneno "changamoto ya upatikanaji wa huduma ya maji safi na salama" yanachukua herufi 58 ukihesabu na nafasi. Zaidi ya theluthi moja ya ujumbe uliolipia imekwisha, na bado hujasema chochote ambacho jirani yako wa kijiji cha pili hawezi kukisema vilevile.

Tunakiri kosa hili ni letu kuliko lenu. Lugha hiyo ninyi mmeisikia kwetu redioni na kwenye mikutano. Mkadhani ndiyo lugha ya kuandikia, na kwamba ya kwenu ni ya uani tu.

UBUNIFU UNAOFICHA

Tusije tukasifu kila neno jipya. Ubunifu unaweza pia kuwa pazia.

Huku kwetu kwenye korosho tunalijua neno kangomba. Ni ununuzi wa korosho kwa kipimo kisicho mizani, nje ya mnada na chama cha msingi. Mwaka 2018 neno hilo lilivuma nchi nzima. Ni jina jepesi, lina mdundo kama wa ngoma, watoto wanaweza kulichezea. Lakini mara nyingi nyuma yake kuna baba aliyekosa ada au unga mwezi wa saba, mkorosho ukiwa bado na maua, akakubali fedha kidogo kwa mzigo ambao haujaanguka chini. Msimu ukifika, jasho lake linahesabiwa kwenye gunia la mtu mwingine. Ukiandika "alifanya kangomba", umetaja kosa lake. Ukiandika "aliuza maua ili mtoto arudi shule", umetaja na njaa yake. Vyote viwili ni kweli. Mwandishi anapaswa kujua anachagua kipi, na kwa sababu gani.

Ndivyo ilivyo pia kwa maneno kama "chai", "asante ya mzee" au "kitu kidogo". Aliyeyabuni alikuwa na kipaji. Alifanya rushwa ionekane kama ukarimu. Kwa hiyo kipimo cha ubunifu si utamu peke yake. Jiulize: neno hili linafungua macho au linayafumba?

UNAPOANDIKA, ANZA HAPA

Kwa wale mnaotaka kutuandikia, au kuandika barua ya serikali ya kijiji, hotuba ya mahafali, shairi au hadithi, tunashauri mambo machache.

Kwanza, anza na kitu kinachoonekana. Ndoo, daraja, gunia, daftari, kidonda. Kama kamera isingeweza kukipiga picha, tafuta kingine.

Pili, weka hesabu na saa. Ujumbe wa mama ulikuwa na nguvu kwa sababu baada ya ndoo kulala alitaja saa kumi jioni na saa tatu asubuhi. Mfano ulitufanya tuone, saa zilitufanya tuamini. Mfano bila ukweli ni porojo, na ukweli bila mfano husahaulika.

Tatu, sema kwanza kwa mdomo. Mweleze jirani au mtoto jambo hilo, kisha andika ulivyosema. Utashangaa sentensi nzuri ngapi hupotea njiani kati ya ulimi na kalamu.

Nne, mfano mmoja unatosha. Ukisema ndoo zinalala, usiongeze kwamba bomba linalia, kisima kimechoka na jua linacheka. Mchuzi wenye kila kiungo haujulikani ni mchuzi wa nini.

Tano, mjue msomaji wako. Barua ya kwenda ofisini iwe na tarehe, jina la kijiji, ombi moja lililo wazi na heshima zake. Hapo hauhitaji mafumbo mengi. Lakini hata barua hiyo inaweza kuwa na sentensi moja hai. Tuchukue mfano. Mtu anaandika: "Tunaomba ukarabati wa kivuko kutokana na hali yake kuwa duni." Mwingine anaandika: "Kivuko kimebaki magogo mawili. Tarehe 3 mama mjamzito alivushwa mgongoni." Zote zinaomba jambo lilelile. Ya pili haina neno gumu hata moja, wala haina tusi wala lawama. Lakini ofisa akishaisoma, yule mama atamfuata hadi nyumbani.

TULIPOFIKIA

Huenda mnauliza kisima kimeishia wapi. Fundi alifika wiki iliyofuata, akabadilisha kifaa kimoja kwenye pampu. Maji yanatoka kwa kasi kidogo kuliko awali. Mama anasema ndoo bado zinalala, ila siku hizi zinaamka mapema. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba sentensi nzuri hutengeneza pampu. Pampu hutengenezwa kwa spana, vipuri na fedha. Sentensi nzuri inaweza kumfanya mwenye spana aulize njia, na hilo peke yake lilichukua mwaka mzima kwa lugha yetu ya awali.

Sisi nasi tumebadilisha utaratibu studio. Ujumbe wa msikilizaji sasa tunausoma ulivyo, labda uwe na matusi au uwe unamtaja mtu kwa shutuma ambazo hatujazihakiki. Hatuusafishi tena. Kama umeandika kwa lafudhi ya kwenu, utasikika kwa lafudhi ya kwenu.

Wiki hii tunaomba mtuandikie kuhusu kitu kimoja tu kilicho mbele ya macho yenu, kwa ujumbe usiozidi herufi 160. Namba ya studio mnaifahamu. Msiandike kwa ajili yetu. Mwandikieni mtu wa kijiji cha mbali ambaye hajawahi kufika hapo mlipo, na ambaye angependa kupaona.